Saini za Lonzo Meekins kwenye Pepeo za Kanisa

Haya aliniambia Verdell Stiggers mwenyewe, Jumatatu ya pili ya Agosti, mwaka wa tisini na nne, tukimenya kunde za maganda ya zambarau barazani kwake mpaka vidole vikabadilika rangi. Nilimwambia aanze mwanzo. Akasema mwanzo ni saa nne asubuhi ya Jumamosi, alipoingia ukumbi wa nyuma ya kanisa la Mlima Nebo akamkuta Ruthene Meekins amekaa kwenye kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu.

Mbele yake mezani zilikuwa zimepangwa pepeo kumi na moja. Ni zile pepeo zetu za kanisani, karatasi ngumu iliyobanwa kwenye mpini wa ubao, upande mmoja picha ya familia inakwenda ibadani, upande wa pili tangazo la kampuni ya mazishi. Na juu ya kila tangazo, kwa wino wa buluu, palikuwa na saini ya Lonzo Meekins.

Lonzo Meekins alipiga bluzi kwenye kilabu cha Dub, hapa hapa Sudlow, miaka kumi na mmoja. Akarekodi sahani nne tu za santuri. Halafu mashine ya kuchambulia pamba ikamla mkono wa kulia, gitaa likatundikwa ukutani, na yeye mwenyewe alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Mtoto wake ni Ruthene peke yake. Siku hiyo saa nane mchana pepeo zile zilikuwa ziuzwe kwa mnada, kanisa lipate piano.

Karibu na dirisha alisimama mtu aliyeitwa kutoka Memphis kuzithamini, Bwana Prentiss Claybourne, amefunga tai siku ambayo hata mbwa walikuwa wamejificha chini ya magari wakihema.

"Ni za kughushi," alisema kabla Verdell hajaweka mkoba chini. "Zote kumi na moja. Nasikitika, bibi."

"Kusikitika kuna wakati wake," Verdell akamjibu. "Nionyeshe kwanza."

"Anasema nimeziandika mimi, Bi Verdell," alisema Ruthene.

"Sikusema hivyo. Nimesema zimeandikwa juzi juzi, na mtu anayeijua vizuri saini ya mzee."

"Na mtu huyo ni nani hapa Sudlow, kama si mimi?" Ruthene akamgeukia Verdell. "Mchungaji amenipa mpaka saa nane. Ikifika, ama anazitangaza, ama anasimama mbele ya watu wote anasema zimeondolewa na kwa sababu gani. Mimi nafundisha darasa la tatu. Nitasimamaje mbele ya watoto niwaambie wasiibe kazi ya mwenzao?"

Verdell akavuta kiti. Miaka ishirini na saba alikaa dirishani posta ya Sudlow akiwatazama watu wakitia saini, mwenye haraka, mwenye huzuni, mwenye kulewa, na mwenye kuandika jina la kaka yake akidhani haonekani. Alipostaafu, mawakili wakawa wanamletea wosia na hundi zenye mashaka. Alitoa mkobani kioo cha kukuzia, tochi ndogo na peremende moja, akaitia peremende kinywani.

"Sababu zako, Bwana Claybourne."

"Ya kwanza ni hii." Alisukuma mbele mkataba wa sahani wa mwaka hamsini na tatu, uliokuwa umewekwa hapo ukumbini kwa maonyesho pamoja na gitaa la mzee. "Saini hii haina ubishi. Tazama herufi zilivyo duara, zimetulia. Sasa tazama za kwenye pepeo."

Verdell alitazama. Za kwenye pepeo zilikuwa zimelala kushoto, zina kona kona, kama uzio uliogongwa na lori.

"Ya pili, Lonzo Meekins na kanisa hawakukaribiana. Upepeo wa kanisa aliupata wapi? Ya tatu sipendi kuisema." Akageuza kasha la kofia lililokuwa na pepeo zile. Juu yake Ruthene alikuwa ameandika kwa penseli, Saini za Lonzo Meekins. Ile herufi M ilikuwa imerusha mguu wa mwisho nje, kama mtu anayeruka dimbwi. Na M za kwenye pepeo zilirusha mguu vile vile.

"Ruthene," alisema Verdell, "andika jina la baba yako hapa."

Ruthene akaandika. Mguu ukaruka. Claybourne akakohoa.

"Ni yeye aliyenifundisha kuandika," Ruthene alisema. "Kwa mkono wa kushoto, baada ya ajali. Tulijifunza pamoja, mezani jikoni."

Verdell aliimaliza peremende yake. Kisha akagonga tangazo kwa ukucha. "Namba hii ya simu ina tarakimu nne. Za namna hii zilikwisha hapa mwaka hamsini na nane. Karatasi ni ya zamani."

"Karatasi kuukuu na wino mpya, bibi. Hiyo ndiyo hila ya kwanza wanayojifunza."

"Ni kweli," alisema Verdell, wala hakubisha zaidi. Alimwomba Ruthene ashushe pazia, akailaza tochi juu ya meza ili mwanga wake upite sambamba na karatasi, ukiambaa kama jua la alfajiri shambani. Hapo kikatokea kitu ambacho macho matupu hayakukiona. Pembeni ya kila mstari wa wino palikuwa na mfereji mdogo usio na rangi, umechimbwa kwenye karatasi.

Claybourne alisogea, akainama, na uso wake ukawa wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta ila hakikumfurahisha. "Basi imekwisha. Wanaonakili huchora kwanza kwa kitu butu, ikabaki alama, ndipo wakapitisha wino juu yake. Hii ndiyo alama yenyewe."

Ruthene akafunika uso.

"Jikoni kuna karatasi za kuokea?" Verdell akauliza. "Zile zinazopenyeza mwanga. Niletee."

Akaichukua saini ya kwanza kwenye karatasi ya kuokea kwa penseli, mstari kwa mstari, akailaza juu ya ya pili. Hazikulingana. Juu ya ya tatu, hazikulingana. Alizipitia zote kumi zilizobaki, feni ya dari ikilalamika.

"Mtu anayenakili ana mfano mmoja," alisema mwishowe. "Saini zake hulingana kama sarafu. Hizi ni ndugu, lakini si mapacha. Halafu mfereji huu haukukaa chini ya wino hata mara moja. Uko kushoto, umbali wa punje ya mchele, kila mahali. Wino ukikata kona, nao unakata. Unatembea kando, kama mbwa na mwenyewe njiani."

"Basi ni nini?"

"Sijui bado. Lakini wewe pia hujui, na saa tatu nzima zimebaki. Ruthene, kasha hili ulilipata wapi?"

"Kwenye kabati la wahudumu wa kanisa, chini ya glavu nyeupe. Mama Ozella alipostaafu Pasaka, mimi ndiye niliyelisafisha."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Akasema hajui, akanikatia keki."

"Akikukatia keki, anajua," alisema Verdell.

Kabla ya kutoka alizigeuza pepeo mara nyingine. Nyingine zilikuwa na jina tupu la mzee, nyingine zilikuwa na salamu. Mmoja uliandikwa, Kwa Clotee, cheza tena. Mwingine, Kwa Vashti mwenye viatu vyekundu. Clotee alikwisha fariki. Vashti Pickens alikuwa hai, mtaa wa tatu kutoka pale. Verdell akainua simu ya kanisa.

"Vashti, ni Verdell. Nina upepeo hapa wa Lonzo Meekins, umeandikwa jina lako."

"Huyo ni Vashti mwingine."

"Wilaya hii ina Vashti mmoja tangu nizaliwe."

"Basi alikuwa mpita njia. Nina chungu motoni, Verdell." Simu ikakatwa.

Mama Ozella Frierson alikuwa na miaka themanini na minne, na arobaini na mmoja kati ya hiyo alikuwa mkuu wa wahudumu wa Mlima Nebo, yule anayesimama mlangoni na glavu nyeupe, mkono mmoja nyuma ya mgongo, akikuonyesha pa kukaa utake usitake. Watoto waliotafuna ubani walimwogopa kuliko shetani. Verdell alimkuta jikoni, na keki ya maziwa ya mgando iko mezani tayari.

"Mama Ozella, nimekuja kwa ajili ya pepeo."

"Joto hili kila mtu anataka upepeo. Kaa ule kwanza."

"Zile za Lonzo."

"Ule kwanza, nimesema."

Verdell akakaa, akala. Alipomaliza kipande cha kwanza akasema, "Yule wa Memphis anasema Ruthene ni mghushi. Saa nane Mchungaji anamtangaza."

Kisu cha Mama Ozella kilikata kipande cha pili kikubwa kuliko cha kwanza. "Hiyo si haki," alisema baadaye kidogo. "Mtoto hakufanya kitu. Zile pepeo nilizikamata mimi."

"Ulizikamata wapi?"

"Kanisani, mikononi mwao. Sikiliza, mwanangu. Kwa Dub kulikuwa na feni moja tu ya umeme, na ilimwelekea Dub. Basi wanawake wa kwaya, mazoezi ya Alhamisi yakiisha, kila mmoja anatia upepeo wa kanisa kwenye mkoba. Jumamosi usiku wanajipepea nao kwa Dub. Yule Lonzo naye, ukimwomba saini, anaandika kwenye chochote ulichoshika. Sasa Jumapili asubuhi, mtu amelala kwa saa mbili tu, amevaa kofia upande, anachomoa upepeo bila kutazama. Mchungaji wa wakati ule yuko juu anamhubiri mke wa Lutu, na pale kiti cha tatu jina la Lonzo Meekins linapunga, linapunga, limemwelekea yeye."

Verdell aliweka uma chini ili asipaliwe.

"Usicheke. Mimi nilikuwa nafika kabla macho ya mchungaji hayajafika. Nauchukua ule upepeo kwa ncha za vidole, kama unavyomchukua mtoto aliyejisaidia. Nampa mwingine msafi. Na Jumatatu, mhusika anaanza kufagia ngazi za kanisa, mwezi mmoja. Mchungaji hakujua hata mara moja."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja waliokamatwa. Waliozinduka njiani pepeo zao ziko chini ya magodoro mpaka leo."

"Njoo useme hayo saa nane."

"Majina ya watu siyataji. Wengine ni marehemu."

"Hata ukisema, Claybourne atakuuliza swali moja. Ulizikuta zimekwisha andikwa. Nani alimwona Lonzo akiandika?"

"Ndiyo hivyo. Mimi sikuona."

Verdell akatoa upepeo mmoja mkobani, akauweka karibu na keki. "Anasema tena aliyeandika alikuwa na kalamu mbovu. Ona wino unavyokatika kwenye kona."

"Kalamu haikuwa mbovu," alisema Mama Ozella huku akifuta kisu. "Ni yeye mwenyewe alikuwa mbishi, hataki kuuvua ule ukucha wa chuma wa kupigia gitaa. Anakwambia akiuvua utaangukia kwenye samaki. Basi anaishika kalamu hivi, dole gumba limekaa kama limefungwa bendeji..."

Kisu kikasimama hewani.

Verdell alichukua kipande kingine cha keki, akatafuna taratibu. "Keki nzuri," alisema.

"Verdell."

"Naam, Mama."

"Umenikalisha pabaya."

"Umekaa mwenyewe. Mimi nilikuwa nakula."

Mama Ozella akavuta kiti. Dub, alisema, alikuwa mtoto wa shangazi yake. Jumamosi ambazo mke wa Dub alikuwa na uzazi au na hasira, Ozella alikwenda kukaanga samaki kilabuni, nyuma, pale penye dirisha dogo la kupitishia sahani. Mbele hakutoka, ila dirisha lilitazamana na jukwaa, na Lonzo alikuja pale kuchukua samaki wake, akaegemea, akaandikia watu saini kwenye kizingiti. Ozella aliviona vidole vya Lonzo kama anavyoviona vyake mwenyewe.

"Na wewe alikuandikia?"

Mama Ozella alitazama mlango wa chumbani, akaurudisha uso haraka. Verdell hakuhitaji jibu.

"Vashti alifagia ngazi zile mwezi mzima kwa sababu yangu," bibi kizee alisema. "Julai. Nikisimama leo niseme nilikuwa jikoni kwa Dub, nitapita njia gani kwenda kanisani?"

"Ile ile ya siku zote. Ila sikulazimishi, Mama. Ninachotaka sasa ni ukucha wa chuma, na huo nimeuona umebanwa kwenye nyuzi za gitaa pale ukumbini. Wewe kaa na keki yako. Ruthene atakaa na aibu yake." Akaaga, akatoka.

Saa saba na nusu ukumbi ulikuwa umejaa. Verdell alimwita Claybourne kwenye meza ya pembeni, akamwomba anyooshe mkono wa kulia, akamvisha ukucha wa Lonzo Meekins kwenye dole gumba. Ulikuwa wa chuma, umejikunja, na ncha yake ilitokeza mbele kushoto kama mdomo wa kuku.

"Andika jina lako. Upesi, kama unaitwa kurudi jukwaani."

Claybourne aliandika nyuma ya karatasi ya ratiba. Kalamu ilimchenga, vidole havikuweza kuifumbata, herufi zake nzuri za Memphis zikalala kushoto zikawa kona kona. Verdell akawasha tochi, akailaza. Kando ya wino, kushoto, umbali wa punje ya mchele, mfereji ulikuwa unalifuata jina zima mpaka mwisho.

Yule bwana alilegeza tai kwa mara ya kwanza. Alivua ukucha, akauvaa tena, akaandika mara ya pili, akaitazama kwa kioo chake mwenyewe. "Mkataba aliutia saini ofisini," alisema polepole. "Amekaa. Ukucha uko mfukoni."

"Na hizi ameandika amesimama, kati ya wimbo na wimbo, samaki wanamngoja. Haya madoa yanayopenyeza mwanga ni mafuta."

"Nilidhani ni ya mishumaa." Akatikisa kichwa, na Verdell akamheshimu kwa alilolisema. "Kazi nzuri, bibi. Lakini haitoshi. Umethibitisha kwamba aliyeandika alivaa ukucha. Gitaa hili na ukucha huu vimekaa nyumbani kwa Ruthene miaka yote. Nionyeshe saini moja yenye mfereji huu ambayo haikupita mikononi mwake. Moja tu, nitasimama mwenyewe kukiri."

Verdell hakuwa nayo. Alitazama saa ya ukutani. Mchungaji Gaither alikuwa anapanda jukwaani, kijana wa miaka hamsini mwenye sauti ya kengele, karatasi mkononi. Ruthene alikuwa amesimama wima safu ya mbele, kwa sababu alisema kama atasemwa, asemwe amesimama.

"Ndugu zangu," Mchungaji akaanza, "kabla ya mnada kuna jambo zito limetufikia..."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia Mama Ozella Frierson, sare nyeupe iliyopigwa pasi, glavu nyeupe, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Alitembea katikati ya ukumbi kwa ule mwendo wake wa miaka arobaini na mmoja, na watu kwa mazoea wakaacha kutafuna. Alipofika mbele hakumwangalia Mchungaji. Mkono wa nyuma ukaja mbele, una upepeo, akamkabidhi Claybourne kwa ncha za vidole.

"Soma," alisema.

Claybourne akasoma kwa sauti. "Kwa Ozella wa dirishani. Usimwambie mchungaji. Lonzo Meekins."

Verdell alikwisha washa tochi. Yule bwana aliinama, akakaa ameinama kwa muda ambao mtu angemaliza kukaanga yai, kisha akauliza, "Upepeo huu umekaa wapi, mama?"

"Chini ya godoro langu, upande wa ukutani. Na tangu Bwana Frierson afariki, hakuna anayefika huko."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha wawili, kisha kicheko kikavunja ukumbi kama bwawa lililobomoka. Claybourne alipata kazi kusikika. "Mfereji upo," alisema. "Ni mkono ule ule. Pepeo zote ni halisi. Bi Meekins, nilikosea, na nakuandikia cheti sasa hivi kwa mkono wangu."

"Andika bila kunakili," alisema Ruthene. Machozi yalikuwa yanashuka na meno yote yako nje.

Hapo ndipo Vashti Pickens aliposimama. Miaka themanini na mmoja, fimbo, kofia ya manyoya.

"Ozella."

"Naam, Vashti."

"Nilifagia ngazi zile Julai nzima. Jua la Julai. Na wewe unapita unaniambia nimesahau pembe."

"Uliisahau kweli."

"Na wakati huo wewe unakaanga samaki kwa Dub."

"Samaki uliowala, Vashti. Ulikula vipande vinne ukaomba mkate."

Vashti alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. Akaunyoosha mkono mezani. "Nipe wangu. Sitaki mnada. Niliulipia kwa ufagio." Nyuma yake akasimama bibi mwingine, akidai ule wa mezani ulio na doa kubwa, maana doa lile analijua. Akasimama wa tatu, mjukuu wake amemshika mkono amepanua mdomo. Claybourne alikuwa anageuka huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

"Subirini, mabibi, subirini. Sikilizeni thamani kwanza. Kwa kawaida jina la mtu asiyejulikana kwenye saini linaishusha bei, mnunuzi hataki kusoma habari za Vashti. Lakini hapa jina lina mwenyewe, amesimama, anasimulia. Asubuhi ningesema hazina thamani hata ya mpini. Sasa nasema dola mia sita kila mmoja, na ule wa Bibi Ozella siwezi kuutaja bei."

"Usiutaje," alisema Mama Ozella. "Unarudi godoroni."

Mchungaji Gaither alikuwa bado jukwaani na karatasi yake ya jambo zito. Akashuka. Akapita kati ya wale bibi mpaka mezani, akainua upepeo mmoja, akausoma midomo ikitikisika. Kwa Clotee, cheza tena. Clotee Gaither alikuwa mama yake mzazi. Kelele zikapungua.

"Mama yangu," alisema, "alikuwa akiniambia bluzi ni mlango wa nyuma wa jehanamu."

"Alikuwa anaujua, mwanangu," Mama Ozella akamwambia kwa upole. "Alicheza karibu nao mpaka kiatu kikakatika."

Mchungaji aliduwaa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti ile ya kengele ikatoa kicheko ambacho, Verdell anasema, hakijapata kusikika Mlima Nebo tangu lilipojengwa. Aliichana ile karatasi ya tangazo vipande vinne. "Mnada umefunguliwa," alisema, "na huu wa Clotee naanza mimi." Claybourne alipandisha bei, Mchungaji akapandisha, Claybourne akapandisha tena, na Vashti akamgusa yule bwana kisigino kwa fimbo, bwana akaacha. Pepeo tatu zilikwenda nyumbani na wenyewe, nane zikauzwa, na piano ikapatikana na kiti chake.

Saa kumi na moja jua lilikuwa bado kali. Wanawake watatu walikuwa barazani kwa Mama Ozella, viatu vimevuliwa, sahani za samaki zimekwisha, barafu inayeyuka kwenye gilasi za chai. Ruthene alikuwa amekilaza cheti mapajani. Alikuwa amekisoma mara nyingi mpaka akaacha, akawa anatazama barabara tu.

"Mama Ozella," alisema. "Mimi sikuruhusiwa kukanyaga kwa Dub. Na mkono ulipoliwa na mashine nilikuwa na miaka mitatu. Santuri zake nimezisikia, lakini yeye mwenyewe sijapata kumsikia. Alipigaje?"

Mama Ozella alifumba macho kutafuta. "Alianza polepole," alisema. "Kama mtu anayegonga mlango na hana hakika kama wenyewe wapo. Unasahau samaki jikoni. Anagonga, anagonga. Halafu mguu wake unaanza, na ubao wa jukwaa unaitikia, na hapo unajua wenyewe wapo, wamekuja kufungua, na wewe ni mmoja wao. Kuna wimbo mmoja alikuwa anaupiga mwisho, hakuurekodi. Mpole. Aliniambia dirishani ameutunga kwa ajili ya mtoto wake mchanga, analia sana usiku. Ulikwenda hivi..."

Akaimba mstari mmoja kwa kuguna, midomo imefungwa, na wa pili. Wa tatu ukapungua, ukawa pumzi, na kidevu cha Mama Ozella kikashuka kifuani.

Ruthene hakumwamsha. Aliurudia mstari wa kwanza kwa kuguna, akakosea, Verdell akamsahihisha, maana alikuwa na sikio. Wakaurudia wote wawili mpaka wa pili ukakaa sawa. Katikati ya mara ya nne au ya tano sauti moja ilikatika, Verdell akageuka akamwona Ruthene amelala kichwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi kidogo, kama mtoto wa darasa lake mwenyewe.

Verdell aliendelea peke yake kidogo, kwa chini, asije akausahau. Aliufikisha mwisho wa mstari wa pili, akaurudisha mwanzo, akanyoosha miguu juu ya kiti kilichobaki. Hakumbuki kama aliumaliza.